Somo: Gunia la korosho lililochanika litoe mkoba wa zawadi, zulia la mlangoni na mabaki ya bustani

Habari zenu ndugu zangu wanakikundi. Juzi nilipeleka mkoba wa gunia kwenye sherehe ya kumtunza bibi harusi huku Chikongola, Mtwara mjini, na tangu siku hiyo naulizwa umeshonwaje. Nimeona niandike hatua zote hapa mara moja, na maswali yenu nitayajibu chini.

Kwanza tuelewane kuhusu gunia lenyewe. Mkulima anayesubiri magunia msimu wa mnada anajua thamani ya gunia zima, kwa hiyo lenye kazi shambani tusiliguse. Tunatafuta yale yaliyotoboka au kupasuka ubavuni, ambayo hayabebi tena korosho. La kwangu nilipewa na jirani baada ya panya kulila pembe mbili. Nilichonunua ni uzi na sabuni tu.

Lijue gunia kabla ya kulipenda

Tunalotaka ni gunia la juti, lile la kahawia lenye nyuzi zinazokwaruza. Wengi tunaliita la katani, lakini katani ni ile ya mkonge, na juti ni mmea mwingine unaolimwa sana Bangladesh na India. Wenzangu mnaopenda mlenda mtafurahi kujua kwamba juti na mlenda ni ndugu wa ukoo mmoja; ipo hata aina ya juti ambayo majani yake ndiyo hayo tunayoyapika. Ukiwa na shaka, chomoa uzi mmoja uuguse na kiberiti. Juti huungua kama karatasi na kuacha majivu. Kiroba au salfeti huyeyuka na kuganda, maana ni plastiki.

Halafu uliza lilibeba nini. Lililobeba korosho, mahindi, mbaazi au ufuta ni sawa. Lililowekwa dawa ya shamba, au lililolala stoo pamoja na dawa likashika harufu yake, liache. Hapo sina mjadala na mtu.

Kufua, na hapa usiharakishe

Likung'ute nje ukiwa umejifunga kitambaa puani, upepo ukiwa mgongoni mwako. Ligeuze ndani nje, upitishe vidole kwenye mishono na pembe zote. Mle huwa vinajificha vipande vya maganda ya korosho, na mnaobangua mnajua mafuta ya ganda yanavyounguza ngozi. Vaa glavu. Kama huna, jipake mafuta ya kula mikononi kama wafanyavyo wabanguaji, kisha utoe kipande kimoja kimoja.

Fumua mishono ya pembeni ili gunia lifunguke liwe kama shuka. Uzi wake usiutupe, tutaurudia. Loweka usiku mzima kwenye beseni kubwa la maji na sabuni ya unga. Asubuhi utakuta maji yamekuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Sugua kwa brashi, suuza mpaka maji yatoke meupe; langu lilitaka mara tatu. Lianike sehemu yenye jua na upepo, uligeuze, wala usilikunje likiwa na unyevu hata kidogo kwa sababu juti hushika ukungu upesi. Likikauka, weka kitambaa chenye maji kidogo juu yake upige pasi ya moto. Utaliona limepungua kidogo. Ndiyo maana tunafua kabla ya kukata, vinginevyo mkoba utajikunja siku ya kwanza utakapofuliwa.

Kukata bila nyuzi kufumuka

Hili ndilo linalowakatisha tamaa wengi. Unakata vizuri, unageuka kuchukua sindano, ukirudi ukingo wote umekuwa ndevu. Dawa yake ipo jikoni. Pika uji mzito wa unga wa muhogo, vijiko viwili kwa kikombe cha maji, uache upoe. Chora mstari kwa chaki, paka uji huo juu ya mstari kwa upana wa vidole viwili, uache ukauke kabisa mpaka pakakamae kama karatasi ngumu. Ndipo ukate katikati ya hapo palipokakamaa. Ukingo utatulia.

Kwa mkoba mmoja kata:
- kipande cha mwili, sentimita 42 kwa 90
- mikanda miwili, kila mmoja sentimita 10 kwa 60
- bitana ya khanga ya zamani, sentimita 42 kwa 86

Bitana nataka muipe heshima yake. Khanga iliyochakaa katikati bado ina pindo zuri na jina linasomeka. Kata ili jina lije ndani ya mkoba, karibu na mdomo, upande mmoja. Anayepewa akifungua anasoma ujumbe wako kabla hajaona kilichomo. Bibi harusi wa juzi alilisoma kwa sauti, ukumbi mzima ukapiga vigelegele, kwa hiyo chagua jina kwa makini. Khanga ya mafumbo usimpelekee mkwe.

Kabla ya kushona, loweka khanga kwenye maji ya chumvi kidogo uone kama inachuja rangi. Ikichuja, ifue peke yake mpaka iache.

Kushona mkoba

Kunja kipande cha mwili katikati, upande wa nje ukiwa ndani. Kwa njia hii chini hapana mshono, na chini ndipo mkoba hubeba uzito. Piga bandi pembeni kwanza, kwa sababu juti huteleza chini ya mguu wa cherehani, kisha shona sentimita 2 kutoka ukingoni kwa mishono mirefu kidogo. Mishono ya karibukaribu inakata nyuzi. Rudia mstari wa pili kando ya wa kwanza, kisha ugeuze mkoba.

Mikanda ikunje mara nne ibaki na upana wa sentimita 2 na nusu. Ndani yake pitisha ukanda wa jinzi kuukuu, ushone pande zote mbili. Jinzi ndiyo itakayobeba mzigo, juti inavalisha tu.

Sasa niwaeleze kilichonipata. Mkoba wangu wa kwanza nilimpa wifi yangu ukiwa na korosho kilo tatu. Akishuka kwenye bajaji mkanda mmoja ukachomoka na nyuzi zake, korosho zikamwagika barabarani. Nilikuwa nimeshona mkanda kwenye gunia peke yake. Iliniuma sana, maana zawadi inapomwaibisha mtu mbele ya watu haijamfaa. Tangu siku hiyo naweka kiraka cha jinzi cha sentimita 6 kwa 6 nyuma ya kila mahali mkanda unaposhika, nashusha mkanda sentimita 5 chini ya mdomo, nashona mraba, halafu ndani ya mraba napitisha mistari miwili inayokatana. Zipo sehemu nne, na zote nne zifanyiwe hivyo.

Bitana shona pembeni vivyo hivyo, itumbukize ndani ya mkoba, kunja pindo la gunia la sentimita 3 liifunike bitana kwenye mdomo, ushone kuzunguka. Ukimaliza fua mkoba mara moja kwa maji ya vuguvugu ili uji wa muhogo utoke.

Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, nyumba nyingi zinanunua mifuko mbadala kila wiki na kila wiki inapasuka. Mkoba wangu wa sokoni, wenye jinzi nyuma ya mikanda, unaingia mwaka wa tatu.

Zulia la mlangoni

Gunia bado limebaki, tena kubwa. Sehemu safi ichane iwe mikanda ya sentimita 6, unganisha mpaka upate mirefu, suka njia tatu. Kwa sisi tuliokua tukiwaona bibi zetu wakisuka ukili na kuushona kuwa mkeka, kazi ni ileile: unazungusha msuko kuanzia katikati, unaushona ubavu kwa ubavu kwa shazia, ile sindano nene ya magunia na mikeka, ukitumia uzi tuliofumua mwanzoni. Shona zulia likiwa limelala sakafuni. Ukilishonea mapajani litainuka pembeni kama kawa la kufunikia chakula, na kulilaza tena haiwezekani. Huku kwetu kwenye mchanga, zulia hili linanasa mchanga kuliko la dukani. Unalikung'uta, basi.

Mabaki

Vipande vidogo weka chini ya ndoo au dumu lililotobolewa kabla ya kujaza udongo. Maji yanapita, mchanga unabaki. Vipande vipana vilivyolowa funika tuta la mchicha uliopandwa kiangazi, ila chungulia kila asubuhi, na ukiona miche inachomoza ondoa siku hiyohiyo. Vitambaa vyembamba vifungie nyanya kwenye mti, havikati shina. Juti huoza yenyewe ardhini.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

*Newala:* Shikamoo mama. Huku maji tunanunua kwa dumu. Kusuuza mara tatu si nitamaliza maji ya kupikia?

Marahaba mwanangu. Tundika gunia kwenye kamba ulipige kwa fimbo kavukavu mpaka vumbi liishe, hapo umeshaondoa uchafu mwingi bila tone la maji. Kisha fua mawili kwa zamu: maji ya kusuuzia la kwanza ndiyo ya kulowekea la pili. Yakichafuka kabisa yamwagie chooni, lakini yenye sabuni nzito usimwagie mboga.

*Masasi:* Dada, mimi gunia la juti sina, ila mifuko ya salfa ninayo mingi tangu tulipopulizia ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho. Naweza kushona mikoba nayo? Ni migumu na haichaniki.

Hapana, mdogo wangu. Najua ni imara na inauma kuitupa. Unga wa salfa unabaki kwenye kufumwa kwake, unawasha macho na ngozi, na mkoba huishia kubeba nyanya na mikate ya watoto. Hata mche wa mboga usiupande humo. Vilevile madumu ya dawa ya maji: usuuze mara kumi, bado si chombo cha nyumbani. Yatoboe ili asije mtu akayachotea maji. Kama huna juti, tafuta kiroba cha unga wa sembe au mchele. Hicho hakihitaji uji wa muhogo. Kikunje ukingo mara mbili ushone.

*Lindi mjini:* Sina cherehani. Nikishona kwa mkono utadumu?

Utadumu, bibie, tena mikanda iliyoshonwa kwa mkono mimi naiamini zaidi. Tumia shazia na uzi wa nailoni, na kila mshono urudi nyuma nusu kabla ya kusonga mbele. Jipe jioni mbili.

*Tandahimba:* Mimi ni fundi cherehani. Hujasema sindano. Wakiweka namba 14 itavunjika kwenye mkanda.

Ahsante sana kaka, hilo nilipitiwa. Wekeni namba 16, na mkifika kwenye mkanda wenye jinzi namba 18. Pale penye mikunjo mingi zungusha gurudumu kwa mkono badala ya kukanyaga.

*Mikindani:* Uji wa muhogo hautaleta mende na panya?

Ukiuacha utawaleta. Ndiyo sababu ya kuufua mkoba ukishamalizika. Na usiache vipande vilivyopakwa uji vilale usiku kucha mezani, mimi navitundika.

*Nachingwea:* Mama, nikitaka kuuza niweke bei gani?

Bei ya kwenu siijui, mwanangu, ila hesabu hivi: andika uzi, sabuni na nauli ya kufuata gunia, kisha ongeza siku zako mbili za kazi kwa ujira ambao wewe mwenyewe ungekubali kulipwa kwa kibarua. Bei isishuke chini ya hapo. Anza na mikoba mitatu, uipeleke kwa anayeuza korosho za kubanguliwa, mteja anunue vyote pamoja.

*Kilwa Masoko:* Nilishona wa kwangu mwaka jana, sasa una vidoa vyeusi na harufu. Nyumba yetu iko karibu na bahari. Unapona?

Huo ni ukungu, na upepo wa bahari unausaidia. Upeleke nje, usugue kwa brashi kavu kwanza, halafu kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Uanike juani siku mbili ukiwa umegeuzwa ndani nje. Vidoa vitafifia, huenda visiishe, lakini harufu itaondoka. Halafu vuta uzi mmoja wa juti karibu na mshono. Ukikatika kirahisi gunia limeshaoza, toa mikanda na bitana uvishonee mkoba mwingine, gunia lipeleke kwenye tuta la mchicha. Usipokatika, endelea nao sokoni, na ukirudi nyumbani utundike, usiufungie kabatini.