Mvinyo wa mabibo, tunavyoutengeneza huku Newala

Watu wakisikia mvinyo wa Tanzania akili inakimbilia Dodoma kwenye zabibu, sawa, ila sisi huku kusini tuna mabibo, yale matunda laini yanayobeba korosho, na kila msimu tunayaacha yaoze chini ya mikorosho, inaniuma sana kwa kweli. Mkorosho asili yake Brazil, Wareno ndo waliuleta Msumbiji karne ya 16, ukavuka Ruvuma ukatufikia, na mchanga wetu wa Newala na Tandahimba ukaukubali haswa. Wazee wakapata uraka, pombe ya kienyeji ya mabibo. Mvinyo ni ndugu yake uraka, sema unataka usafi na subira.

Okota alfajiri, Oktoba mpaka Disemba hivi, yale yaliyodondoka usiku huohuo maana bibo likilala siku nzima limeshachacha. Nyonyoa korosho uweke mbali, ganda moja likipondekea humo mafuta yake yanababua mdomo. Osha, twanga taratibu kwenye kinu, kamua kwa kitambaa safi. Vaa nguo za shamba, doa la bibo halitoki.

Hapa ndo wengi wanaharibu: ukakasi. Juisi ikikereketa koo, mvinyo nao utakereketa. Kwa lita 5 pika uji mwepesi wa vijiko viwili vya unga wa muhogo, upoe kabisa, mimina koroga halafu uache utulie. Saa moja mbili utaona mabonge meupe yanazama polepole, juu inabaki njano ang'avu unayoona mpaka kidole upande wa pili wa glasi. Chuja hiyo ya juu tu.

Ipashe mpaka itoe mvuke, isichemke. Ikiwa vuguvugu tia sukari nusu kilo na hamira kijiko kimoja cha chai, weka kwenye dumu lililosuuzwa maji ya moto, usijaze. Toboa mfuniko upitishe mpira mwembamba, ncha ya pili izame kwenye chupa ya maji, hewa itoke inzi wasiingie. Mwaka wangu wa kwanza nilikaza mfuniko, dumu likavimba likapasuka usiku, kazi yote ikaishia sakafuni.

Viputo vikikata, kama wiki mbili hivi, hamishia chombo kingine mashapo uyaache, kaa nao gizani miezi miwili. Ukifungua harufu ya bibo inakuja kwanza, utamu kidogo, kisha ukavu pembeni mwa ulimi.