Kuruka chini kwa ndege ndogo: mambo ya kuzingatia kabla hujashuka

Rubani anayeruka chini amejinyima muda, na karibu kila hatari iliyomo katika somo hili inatokana na ufinyu huo. Kanuni za kimataifa kwa anayeruka kwa kutazama nje zinamtaka, isipokuwa anapopaa, anapotua au amepewa ruhusa, awe futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote vilivyo ndani ya mita 600 apitapo juu ya mji, na futi 500 juu ya ardhi au maji kwingineko. Kwa hiyo, juu ya kisiwa cha Mombasa, hesabu haianzii barabarani bali kileleni mwa jengo au mnara ulio mrefu zaidi.

Hatua ya kwanza ni kutafuta nguzo. Waya wa umeme hauonekani mpaka umeshaukaribia mno, lakini nguzo huonekana. Basi vuka juu ya nguzo yenyewe.

Hatua ya pili, ambayo huwaponza wengi, ni kuuelewa upepo. Ukitoka Nyali kuelekea Mtwapa kusi ikikusukuma mgongoni, minazi hupita mbio chini yako, nawe unadhani una kasi ya kupindukia, ukapunguza nguvu za injini. Bawa halijui minazi. Linajua kasi ya hewa tu, nayo husomwa kwenye kipimo. Kisha unakata kona. Ndege iliyolala nyuzi 45 bila kushuka huhitaji kasi iliyozidi ile ya chini kabisa ya kuruka wima kwa asilimia 19 ili mabawa yaendelee kuibeba, na kwa nyuzi 60 ni asilimia 41. Honi ya kutahadharisha kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege inalia, nawe ungali unavuta usukani, jicho liko kwa shangazi anayekupungia leso ufukweni. (Maonyesho ya jamaa yafanyike uwanjani, ndege ikiwa imeegeshwa.)

Tatu, wapo ndege wenye manyoya. Kunguru wamejaa Mombasa, hasa penye majaa na masoko ya samaki. Zipitie mbali sehemu hizo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, injini ikizima nikiwa futi 500, nitafika wapi?*

Cessna 172 huteleza takriban mara tisa ya kimo chake, yaani kilomita 1.4 pasipo upepo, kwa muda wa sekunde 40 hivi. Usijaribu kugeuka kurudi. Chagua mahali palipo mbele yako.

*Baharini hakuna nguzo. Je, si salama kushuka zaidi?*

Ipo milingoti ya majahazi, na huko Diani wapo wanaovutwa na tiara juu ya maji. Tena bahari ikitulia kama kioo, jicho hushindwa kukadiria kimo. Tegemea altimita, yaani kipimo cha kimo.

*Altimita yangu ikisoma futi 700 mara tu baada ya kupaa kutoka uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, ndiyo kusema niko futi 700 juu ya ardhi?*

La, ndugu yangu. Ukiwa umeiweka ipime kutoka usawa wa bahari, kumbuka kwamba uwanja wenyewe uko kiasi cha futi 200 juu ya bahari. Umebakiwa na 500.