Somo: Kutangaza dharura ya maji katika kaunti isiyomo kwenye orodha ya ukame

Turkana, Baringo na Pokot Magharibi zimo katika zile kaunti 23 ambazo Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame huzitolea taarifa kila mwezi. Kisumu na Nakuru hazimo. Nyakach, huko Kisumu, ikikauka, ushahidi ni wa kukusanya wenyewe.

1. Mto. Soma ubao wa kipimo saa moja asubuhi kila siku. Jedwali la kugeuza kimo kuwa mtiririko liko kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Linganisha na mwezi uleule wa miaka iliyopita. Januari haipimwi kwa Mei. Mstari wa mwisho ni akiba ya mto, yaani mtiririko unaopatikana asilimia 95 ya wakati. Mto ukishuka hapo, mwenye pampu ya kumwagilia nyanya husimamishwa, maji ya nyumbani yakabaki.

2. Kisima. Pampu ilale usiku kucha, kisha alfajiri shusha ule utepe unaolia ukigusa maji. Ukipima pampu ikivuta, utaandika kina cha uongo na mkaguzi atakinasa.

3. Nyumba. Usiulize "maji yanatosha?" Kila mtu atajibu hapana. Uliza jana iliingia mitungi mingapi ya lita 20, na waliolala ni wangapi. Mitungi miwili kwa watu watano ni lita 8 kila mmoja. Kiwango cha chini cha Sphere, yaani viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura, ni 15. Andika pia umbali (usizidi mita 500) na muda wa foleni (dakika 30).

4. Sababu. Hapa ndipo faili nyingi hufia. Bomba likikauka Kondele, mtaa wa mji wa Kisumu, Ziwa Victoria halijakauka. Tafuta umeme, pampu au bomba lililopasuka. Hiyo ni hitilafu ya huduma, ishughulikiwe hivyo.

5. Pesa. Malipo ya mwaka kutoka hazina ya dharura ya kaunti hayazidi asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka hitaji liwe la haraka na lisilotarajiwa. Basi kama mabwawa hukauka kila Januari, utaulizwa kwa nini hukuyaweka kwenye bajeti. Takwimu za hatua ya 1 ndizo jibu: onyesha mwaka huu umepita ule ukavu wa kawaida.

Maswali

— Mwalimu, Rais alipotangaza ukame kuwa janga la kitaifa Septemba 8, 2021, ndiyo hali ya hatari ya Kifungu cha 58 cha Katiba?

La, dada. Ya 58 hudumu siku 14 Bunge lisipoongeza, na inaweza kubana baadhi ya haki. Janga la kitaifa halifanyi hivyo. Ni la kuelekeza misaada.

— Boza (lori la maji) la lita 10,000 lahudumia wangapi kwa siku?

Kwa lita 15, watu 666. Panga 600, maana mengine humwagika foleni ikisukumana. Klorini ipime pale boza linapoteremshia, isiwe chini ya miligramu 0.2 kwa lita.

— Huku Nakuru kisima kina maji tele ila floridi imezidi. Je, niyahesabu maji hayo?

Ikipita miligramu 1.5 kwa lita, yahesabu kama ya kufulia na kuogea tu. Na usiwaambie watu wachemshe: maji hupungua, floridi inabaki palepale, kwa hiyo huzidi kukolea.