Somo: Kupiga hardcore ya Minor Threat bila kuvurugana

Wengi wanaojifunza nyimbo za Minor Threat, bendi ya Marekani ya hardcore (punk ya kasi na nguvu zaidi), huanza na kasi, na hapo ndipo wanapoharibu. Kasi inapatikana kwa mazoezi. Kigumu ni kituo: watu wanne wanapiga kwa nguvu zote, ghafla wote wananyamaza, kisha wanaingia tena kwa pamoja bila hata mmoja kuwahi au kuchelewa. Sikio la msikilizaji hupima kasi kwa kile kimya. Ondoa vituo, nyimbo zilezile zitasikika kama kelele ndefu isiyo na umbo. Kwa hiyo somo hili litakaa zaidi kwenye vituo kuliko kwenye kukimbia.

Historia kwa ufupi, kwa sababu inaeleza muziki wenyewe. Bendi ilianza Washington, D.C., mwishoni mwa 1980, baada ya bendi ya Teen Idles kuvunjika. Ian MacKaye, aliyekuwa mpiga besi wa Teen Idles, akawa mwimbaji. Jeff Nelson akabaki kwenye dramu. Wakaongezeka Lyle Preslar wa gitaa na Brian Baker wa besi. Katika jiji hilohilo walikuwepo bendi ya Bad Brains, watu waliopitia jazz ya fyuzheni (jazz iliyochanganywa na rock) kabla ya kuingia kwenye punk, na hao ndio waliowaonyesha vijana wa pale kwamba unaweza kupiga kwa kasi ya kutisha na kila noti ikasikika. Usafi huo ndio tunaoutafuta hapa.

Hatua ya 1: Sikiliza kwa mpangilio

Anza na santuri mbili za inchi 7 za 1981: ile iliyobeba jina la bendi, yenye nyimbo 8 zisizofika dakika 10 kwa jumla, na In My Eyes yenye nyimbo 4. Baada ya hapo nenda Out of Step ya 1983. Zote zilirekodiwa Inner Ear, studio ya Don Zientara iliyokuwa nyumbani kwake Arlington, Virginia. Mara ya kwanza fuata dramu peke yake. Mara ya pili hesabu vituo na uandike kila kimoja kina urefu wa mapigo mangapi. Karatasi hiyo itakusaidia kuliko kurasa za noti za gitaa.

Hatua ya 2: Dramu

Mdundo wa msingi ni rahisi kuueleza: kiki (dramu kubwa ya mguu) kwenye pigo, sneya (dramu ndogo yenye sauti kali) katikati ya pigo na pigo. Kiki, sneya, kiki, sneya, bila kupumzika. Mkono wa hai-hati (matuazi mawili yanayofungwa kwa mguu) unafuata kiki tu mwanzoni. Usijaribu kujaza nafasi zote hadi miguu na mkono wa sneya vikae sawa.

Weka metronomu kwenye mapigo 100 kwa dakika. Piga dakika moja, pumzika dakika moja, rudia mara tano. Ukimaliza zote bila kukaza bega, panda kwa mapigo 5. Lengo la kwanza ni 160, la pili 180. Usipande siku ambayo bega limekaza, hata kama masikio yanakuambia uko sawa.

Tatizo kubwa linaloonekana ni mdundo kugeuka: unaanza na kiki kwenye pigo, baada ya baa kumi (baa ni kundi la mapigo manne) sneya ndiyo iko kwenye pigo na hujui umefikaje hapo. Chanzo mara nyingi ni mguu kuruka kiki moja wakati mkono unatoka kwenye mpito wa tomtom (mapigo ya kupamba kati ya sehemu mbili). Dawa ni kufanyia mazoezi mpito wenyewe, si mdundo: baa tatu za mdundo, baa moja ya mpito, kisha kiki ya kwanza ipigwe kwa nguvu zaidi pamoja na tuazi kubwa. Kiki hiyo ndiyo inayowaambia wenzako mlipo.

Hatua ya 3: Gitaa

Nyuzi za 10–46 au 11–48, urari wa kawaida wa E. Piki ngumu ya milimita 0.88 hadi 1, na ncha inayotoka kwenye vidole isizidi milimita 4. Ikitoka zaidi inanasa kwenye uzi. Kodi (noti zinazopigwa pamoja) ni za noti mbili au tatu: noti ya msingi, ya tano yake, na oktavu ukitaka.

Kwenye mapigo 180, ukipiga mara mbili kwa kila pigo ni mikwaruzo 6 kwa sekunde, na hiyo unaweza kuipiga yote kwa kushuka. Ukipiga mara nne kwa pigo ni 12 kwa sekunde, na hapo lazima upande na kushuka. Mwendo utoke kwenye kifundo cha mkono. Kiwiko kikianza kufanya kazi, utachoka kabla ya ubeti wa pili.

Amplifaya: gein (kitufe kinachochafua sauti) isizidi nusu. Hili linabishaniwa sana, lakini jaribu mwenyewe. Gein kubwa huburuta kila noti ikaingia kwenye inayofuata, na kwa mikwaruzo 12 kwa sekunde unabaki na uji. Besi weka 4, sauti za kati 6 au 7, treble 6. Ukiwa peke yako chumbani itasikika kavu na nyembamba. Ukiwa na bendi ndiyo inayopenya.

Hatua ya 4: Besi

Piga kwa piki, karibu na daraja, mara mbili kwa kila pigo. Usimfuate mpiga gitaa kwenye mikwaruzo yake minne. Kazi yako ni kufunga na kiki. Besi na gitaa vikikimbia pamoja, chini kunabaki ngurumo tu na hakuna anayejua kodi imebadilika lini.

Hatua ya 5: Vituo

Chukueni kituo kimoja cha baa moja. Kwenye pigo la kwanza wote mnapiga, mapigo matatu yanayobaki ni kimya, kisha mnaingia. Kwa 180, baa ya mapigo manne ina sekunde 1.33, kwa hiyo kimya chenu cha mapigo matatu ni kama sekunde moja tu. Ndani ya muda huo kila mtu ana kazi:

Mpiga gitaa analegeza vidole vya kushoto bila kuviondoa kwenye nyuzi, na papo hapo anaweka kiganja cha kulia karibu na daraja. Mkono mmoja hautoshi. Ukilegeza tu, nyuzi zinatoa kengele; ukizima tu kwa kiganja, amplifaya inaanza kupiga mluzi.

Mpiga besi hufanya vilevile, ila kwa nguvu zaidi, maana nyuzi nene hukawia kutulia.

Mpiga dramu anaikamata tuazi kwa mkono wa kushoto mara tu anapoigonga, na mguu wa hai-hati unabaki umefunga. Hapa ndipo bendi nyingi zinapochafua: gitaa zimenyamaza, tuazi bado linalia.

Jizoezeni kwa 90 kwanza, mkihesabu kwa sauti, "mbili, tatu, nne". Kisha hesabuni kimoyomoyo. Kisha mgeukieni ukuta ili msionane. Mkiweza kuingia pamoja bila kuonana, rudini kwenye kasi kamili. Wanaoanza huwahi kuingia, karibu wote, kwa sababu kimya kinatisha. Mwimbaji asijaze nafasi hiyo kwa "haya" au "twende", aache.

Hatua ya 6: Sauti

MacKaye anapaza sauti, lakini maneno yanasikika. Siri iko kwenye konsonanti: tamka t, k na p kwa ukali, na uachie irabu fupi. Pumua kwenye vituo. Viweke alama kwenye karatasi ya maneno. Usifunike kichwa cha kipaza sauti kwa kiganja, maana sauti inakuwa ya puani na mluzi unaongezeka. Koo likianza kuwasha, simama siku hiyo. Nguvu itoke tumboni, si kooni.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, asante kwa somo. Nikifika 150 misuli ya mbele ya mguu inaungua na kiki inafifia. Nibadilishe pedali?*

Bado. Angalia kiti kwanza: nyonga ziwe juu kidogo ya magoti. Ukikaa chini sana unainua mguu mzima kwa kila kiki. Kisha legeza springi kidogo na upige kisigino kikiwa juu. Kichwa cha pedali kinachogonga dramu usikiache kimeganda kwenye ngozi baada ya kugonga.

*Out of Step inasikika nene kuliko za mwanzo. Ni studio au ni gitaa?*

Ni safu ya wanabendi. Mwaka 1982 Steve Hansgen aliingia kwenye besi, na Brian Baker akahamia gitaa la pili. Mkitaka kuipiga mkiwa na gitaa moja, msiongeze gein. Ongezeni oktavu kwenye kodi za viitikio. Mkiwa nazo mbili, mmoja apige kodi karibu na mwanzo wa shingo na mwenzake kodi zilezile juu zaidi.

*Je, kupiga nyimbo hizi lazima mtu awe straight edge?*

Hapana. Jina lilitoka kwenye wimbo wao, na MacKaye alikuwa anaeleza maisha yake: hanywi, havuti, hatumii dawa. Alama ya X mkononi, inayohusishwa na straight edge, ni ya kabla ya hapo; Teen Idles walichorwa San Francisco mwaka 1980 ili baa isiwauzie pombe, wakarudi na wazo hilo Washington ili vijana waruhusiwe kuingia kwenye maonyesho. Kwenye toleo la 1983 la wimbo Out of Step aliongeza maelezo kwamba hiyo si sheria kwa watu wengine. Ukiimba wimbo wa mtu, ni vizuri ujue alimaanisha nini. Zaidi ya hapo ni lako.

*Kwa nini walidumu muda mfupi hivyo?*

Mwaka 1983 walikuwa wanavutana kuhusu muziki, wenzake wakielekea kwenye melodi zaidi na MacKaye akisita. Onyesho la mwisho lilikuwa Septemba 1983 hapohapo Washington, pamoja na Big Boys na Trouble Funk, bendi ya go-go (aina ya funk ya Washington). Desemba walirejea studio kurekodi nyimbo tatu za mwisho, zilizotoka 1985 kama Salad Days.

*Tuna nyimbo 6 tayari na tunataka kutoa santuri ya inchi 7. Ni kweli Dischord walikunja majalada wenyewe?*

Ni kweli. Dischord, lebo ya santuri ya MacKaye na Nelson, ilianza 1980 kwa fedha ambazo Teen Idles walizihifadhi kutoka kwenye maonyesho. Walibandua jalada la santuri nyingine, wakachora umbo lake, wakachapisha, kisha wakakata, wakakunja na kugundisha kwa mikono.

Kwanza hesabuni muda: kwa mizunguko 45 kwa dakika, msizidishe dakika 4 na nusu kwa upande mkitaka sauti kubwa. Wimbo wenye s kali nyingi usiuweke mwisho wa upande, kwani karibu na katikati ya santuri sauti huchafuka zaidi.

Jalada: karatasi ya gramu 200 hadi 250. Santuri ina kipenyo cha sentimita 17.5, kwa hiyo kila uso uwe sentimita 18.4 kwa 18.4, nyuso mbili pembeni kwa pembeni, na masikio (vipande vya kukunja na kugundisha) ya sentimita 1.5 juu na chini ya uso mmoja. Pitisha ncha butu ya mkasi juu ya mstari kwa rula kabla ya kukunja, la sivyo wino unapasuka kwenye kona. Gundi iwe utepe mwembamba nje ya masikio, ukiacha milimita 3 bila gundi upande wa ndani. Ikifika ukingoni itavuja ndani, na majalada yatajigundisha yenyewe. Yapange kumi kumi chini ya uzito, na msiingize santuri hadi kesho yake. Gundi mbichi huacha unyevu, na karatasi inajikunja ikiwa na santuri ndani.