Kuhesabu wageni wa tovuti kwenye seva yako mwenyewe, na namna ya kupata namba za kuaminika

Wiki iliyopita dada mmoja mwenye duka la vitenge Mtaa wa Congo, Kariakoo, aliniomba nimwekee programu ya kumwonyesha watu wanaingiaje kwenye tovuti yake. Hakutaka taarifa za wateja wake zikae kwa kampuni ya nje. Naandika tulivyofanya kwa sababu sehemu moja ilinikesha hadi adhana ya alfajiri.

Hatua ya 1: Ijue seva yako kwanza

Wengi huanza kwa kutazama picha za dashibodi. Anza na RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya seva. Andika `free -h` uone unacho kiasi gani. Kati ya programu za kuhesabu wageni, Plausible inabeba hifadhidata mbili, PostgreSQL na ClickHouse, na wenyewe wanashauri RAM ya GB 2 kwenda juu. Seva ya dada ina GB 1, basi tukaiacha, ingawa dashibodi yake naipenda kuliko zote. Umami inatosheka na PostgreSQL peke yake. GoatCounter ni faili moja tu, na data inaweza kukaa kwenye SQLite, hifadhidata ndogo isiyohitaji programu ya pembeni. Kwa blogu ya mtu mmoja sioni haja ya kwenda mbali zaidi.

Kama huna seva, umepanga hosting ya kawaida yenye cPanel (paneli ya kuisimamia kwa kivinjari), chukua Matomo. Inaendeshwa na PHP na MySQL, na ipo tangu 2007, enzi ikiitwa Piwik. Ina kila ripoti unayoweza kuifikiria. Kwa duka dogo mimi siiweki: skripti yake ni nzito mara nyingi kuliko ya Umami, na mteja wa Kariakoo anafungua tovuti kwa bando lake. Tena inaweka vidakuzi (cookies) hadi uizuie, ilhali hizo nyingine tatu hazivitumii. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi tangu Mei 2023, na mimi napendelea kukusanya kidogo iwezekanavyo.

Tukachukua Umami.

Hatua ya 2: Isimike

Tumia Docker Compose, inayowasha programu na hifadhidata yake kwa faili moja la maelekezo; faili hilo lipo kwenye hazina ya Umami. Ndani yake badilisha `APP_SECRET` (neno la siri la programu), ingia kwa `admin` na `umami`, badilisha nywila hapo hapo. Mbele weka Nginx, proksi inayopokea wageni na kuwapitisha kwa Umami, na cheti cha HTTPS cha Let's Encrypt.

Hatua ya 3: Hakikisha IP ya mgeni inafika

IP ni anwani ya mtandao anayotokea mgeni. Hapa usiharakishe. Jioni ile dada aliweka kiungo kwenye status ya WhatsApp, simu ikaanza kulia, watu wanauliza bei. Dashibodi ikasema wageni 6, kurasa zaidi ya 200, nchi haijulikani. Nikadhani ni vizuia matangazo. Nikafuta hifadhidata, nikasimika upya mara mbili. Wapi!

Kumbe Nginx ndiyo iliyokuwa inaongea na Umami, kwa hiyo kila mgeni alionekana katokea 172.18.0.1, anwani ya ndani ya Docker. Umami humtambua mgeni kwa kuchanganya IP na maelezo ya kivinjari chake. IP ikiwa moja kwa wote, unabaki kuhesabu aina za vivinjari. Dawa ni mstari mmoja ndani ya `location`, kwenye faili la mipangilio la Nginx:

`proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;`

Ukiwa na Cloudflare mbele (huduma inayopokea wageni kabla ya seva yako), IP halisi inakuja kwenye kichwa cha ombi kiitwacho `CF-Connecting-IP`, na Umami inaisoma yenyewe. Kwa proksi nyingine, taja jina la kichwa chake kwenye `CLIENT_IP_HEADER`. Kwenye Matomo tafuta `proxy_client_headers[]` ndani ya `config.ini.php`.

Halafu funga mlango wa nyuma. Mtu akiifikia Umami bila kupitia Nginx, anaweza kujiandikia IP yoyote. Usitegemee ufw (firewall ya seva) hapa, maana Docker inafungua milango bila kupita kwenye kanuni zake. Kwenye Compose andika `127.0.0.1:3000:3000` badala ya `3000:3000`.

Sasa jaribu. Zima Wi-Fi kwenye simu yako, fungua tovuti kwa bando, kisha mwombe mwenzako wa mtandao mwingine afanye hivyo hivyo. Lazima uone wageni wawili, wote Tanzania. Fanya hivi kabla hujamkabidhi mwenye tovuti, kwa sababu Umami haihifadhi IP: siku zilizohesabiwa vibaya hazirekebishiki.

Hatua ya 4: Hesabu wanaobonyeza

Hata IP ikifika sawasawa, idadi ya wageni ichukue kama makadirio. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya IP moja, na tangu 2023 Chrome ya Android hujitambulisha kama "Android 10, K" kwenye karibu kila simu, iwe Tecno au Samsung. Majirani wawili wa Mbagala wanaweza kuhesabiwa mtu mmoja. Na mtu mmoja akitoka Wi-Fi ya ofisini akaingia kwenye bando barabarani, anakuwa wawili.

Ndiyo maana kwenye kitufe cha kuagiza niliongeza `data-umami-event="whatsapp"`. Kila kibonyezo kinaandikwa. Dada akifunga duka jioni anaangalia mstari huo kwanza, kisha analinganisha na oda alizopokea kwenye simu.

Hatua ya 5: Nakala

Endesha `pg_dump`, amri ya kutoa nakala ya PostgreSQL, kila usiku, na faili likae nje ya seva hiyo.