Somo: Kumpatia wenzake mtoto anayesomea nyumbani

Habari za jioni, wazazi. Mmeniuliza sana kuhusu "mtoto wa ndani ndani", yaani anayesomea nyumbani akakosa wenzake wa kucheza nao, kwa hiyo leo hesabu na kusoma naviweka pembeni. Tunafundisha nyumbani hapa Rau, Moshi, watoto 2, huu mwaka wa 3.

La serikali nilimalize kwanza. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mtoto aliyefikisha miaka 7 aandikishwe shule ya msingi, na mtihani wa darasa la saba husajiliwa kupitia shule. Usianze kimyakimya. Nenda kwa afisa elimu kata, mweleze, msikilize, ndipo upange.

Hatua ya 1: Taja marafiki zake kwa majina

Mwaka wa kwanza nilijiona mama hodari. Jumatatu maktaba, Jumatano kuogelea, Ijumaa matembezi msitu wa Rau. Kijana wangu alipokaribia kutimiza miaka 8 nikamuuliza, tumwalike nani? Akafikiri weee, akanitajia dada wa kazi na kaka wa bodaboda. Nililia jikoni. Watoto alikuwa amewaona wengi, ila hakuna aliyekutana naye mara ya pili. Chukua karatasi, andika watoto ambao wako amecheza nao angalau mara 3 mwezi huu. Karatasi ikibaki nyeupe, usiongeze safari. Tafuta watoto wale wale, siku zile zile.

Hatua ya 2: Fuata saa yao

Wewe unamaliza masomo saa 6 mchana, wakati watoto wa mtaa bado wako darasani, na wakubwa wao wakitoka wanapitia twisheni. Sisi tulisogeza kazi zote asubuhi ili saa 10 jioni hadi saa 12 iwe ya nje, Jumanne na Alhamisi. Masika yakikolea, wanahamia barazani kwetu na matope yao.

Hatua ya 3: Waache wagombane

Hapa ndipo wengi tunaposhindwa. Kwenye rede, aliye katikati anakwepa mpira huku akijaza mchanga kwenye chupa. Yeye anaapa hajaguswa, wenzake wanaapa kaguswa. Nani aamue? Mtoto anayefundishwa na mama yake amezoea mwamuzi mmoja, tena anayempenda. Wiki ya kwanza wangu alinijia mara 4 kushtaki. Nikaendelea kuchambua mchicha, nimewapa mgongo, masikio nimeyaacha kwao. Kufika wiki ya 5 alikuwa anabishana mwenyewe, na siku moja nikamsikia akisema, "Haya, nimeguswa." Ngumi zikianza, hapo inuka.

Hatua ya 4: Mtume dukani

Dukani kwa Mangi, chumvi ya kupima. Aamkie wakubwa, angoje zamu, ahesabu chenji. Lakini kuwa yupo nyumbani mchana kutwa kusimfanye mtumishi wa kila mtu, nalo nimeliona.

Hatua ya 5: Awe na mkubwa mwingine

Shule ya Jumapili, madrasa, timu ya mpira, kwaya. Popote atakapokosolewa na mtu ambaye si mzazi wake.

MASWALI

Mama, Majengo: Wenzake wanamwita mtoro. Anarudi analia.

Jibu: Pole, mwenzangu. Mfundishe jibu fupi, lake: "Nasoma kwetu, mama ndiye mwalimu." Wangu tulilifanyia mazoezi wakati wa kuosha vyombo. Kisha kaongee na mama zao, maana neno hilo mara nyingi watoto wamelisikia kwa wakubwa.

Baba, Sakina, Arusha: Mtaa wetu ni mageti matupu. Majirani hatujuani.

Jibu: Kaka, kagonge wewe. Ikishindikana, tafuta familia 2 zinazofundisha nyumbani mzunguke kila Ijumaa, wiki hii kwako, ijayo kwao. Watoto 3 au 4 wanaozoeana wanatosha kabisa.

Bibi, Marangu: Mjukuu wangu ana miaka 6. Desemba binamu wakijaa, anajificha nyuma ya mama yake. Kusomea nyumbani hakujamharibu?

Jibu: Shikamoo bibi. Wapo wa shule wanaojificha vilevile, wengine wamezaliwa na haya zao. Na binamu 15 wakishuka kwa mpigo kutoka Dar, hata mimi ningetafuta kanga ya kujifichia. Aje siku 2 kabla, akutane na binamu mmoja kwanza, na muwape kazi ya pamoja, mfano kukata majani ya mbuzi. Ila kama hata na nyie wa nyumbani haongei, au anaitwa jina lake hageuki, mpelekeni kwa daktari wa watoto, msisubiri Desemba.

Bibi, Marangu: Marahaba. Kwetu anaongea mpaka tunachoka. Mbuzi wapo, nampigia mama yake leo.