Beta Nyumbani: Tayarisha Maji Kabla ya Kununua Samaki

Dukani beta, samaki mdogo wa kufugwa tangini, huwekwa kwenye gilasi kwa sababu madume wawili wakikutana hupigana hata kuuana. Hayo ni makazi ya siku chache tu. Nyumbani mtengee angalau lita 20, na awe dume peke yake. Fundi wa vioo anaweza kukuundia tangi la urefu wa sentimita 40, upana 25 na kina 25. Ukiacha sentimita 3 juu, utakuwa na lita 22 za maji. Mwambie atumie silikoni isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Kifuniko kiwe na matundu, maana beta huruka. Ile nafasi ya juu usiijaze: samaki huyu ana kiungo maalumu cha kuvuta hewa, na ukimtazama utamwona akipanda, anagusa uso wa maji kwa mdomo, kisha anashuka akiachia kiputo.

Asili yake ni Thailand na nchi jirani, kwenye maji ya vuguvugu. Anataka nyuzijoto 24 hadi 28, na hapa mfugaji wa Nakuru na wa Kisumu wanaachana njia. Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, huenda hita ukaihitaji tu wakati wa baridi. Nakuru, karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hita si anasa. Kwa tangi la lita 22 chukua ya wati 50 yenye kujizima yenyewe. Kipimajoto ukisome alfajiri. Cha saa nane mchana kitakudanganya. Stima ikipotea usiku, lifunike tangi kwa blanketi lakini acha upenyo wa hewa.

Sasa maji yenyewe, ambayo ndiyo yanayoua beta wengi kuliko ugonjwa wowote. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao hukaa kwenye sponji ya chujio na kwenye changarawe, na huchukua wiki nne hadi sita kuzaana vya kutosha. Maji yakiwa baridi, zaidi. Kwa hiyo washa chujio na hita tangi likiwa halina samaki, tia chembe chache za chakula cha samaki kila siku zioze, kisha pima. Amonia na nitriti zikisoma sufuri na nitrati ikaonekana, nenda dukani. Mwenzako mwenye tangi la zamani akikugawia kipande cha sponji yake chafu, amekupa zawadi kubwa, mradi samaki wake ni wazima.

Maji ya mfereji yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi saa 24, au tumia dawa ya kuondoa klorini, ambayo mimi naiamini zaidi. Maji ya visima vya Bonde la Ufa mara nyingi yana floraidi nyingi, basi yapime kwanza. Ya ziwani usilete: yanaweza kuja na konokono na vimelea.

Kila wiki badilisha robo ya maji, yaani lita tano hivi, kwa maji yenye joto lile lile. Jerikeni isiwe iliyowahi kubeba sabuni. Sponji ikamulie kwenye maji uliyotoa tangini. Ukiiosha mferejini, klorini itaua bakteria uliowasubiri mwezi mzima. Mkondo wa chujio uwe mpole, kwani mapezi marefu humlemea.

Chakula ni vidonge vidogo vya beta, viwili au vitatu asubuhi na jioni. Viluwiluwi vya mbu kutoka ndoo safi ya maji ya mvua anavipenda mno. Mkate na ugali, hapana.

Ukichoka naye, mpe mfugaji mwingine. Usimtupe mtoni wala ziwani: sangara alipopandikizwa Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, aina nyingi za fulu, samaki wadogo wa ziwa hilo, zilitoweka.

Akianza kulala chini na mapezi yamebana, usikimbilie dawa. Pima joto na amonia, badilisha robo ya maji, umtazame hadi kesho. Vidoa vyeupe kama chembe za chumvi vikimtokea, hapo ndipo uulize dawa dukani.